Je, Aliyelipa Ana Haki ya Kutupa?

Lipo swali dogo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama, nasi twaona linastahili nafasi katika ukurasa huu. Swali lenyewe ni hili: Mtu akisha kulipa bei ya chakula, je, chakula kile ni mali yake kabisa, hata awe na haki ya kukitupa? Huenda msomaji akasema kwamba jambo hili si kubwa. Sisi twaona ni kubwa, maana ndani yake limo swali jingine lililo zito zaidi: nini maana ya kusema, "Hiki ni changu"?

Mahali panapolionyesha swali hili waziwazi ni katika karamu ya mchana iitwayo bufee, na hasa katika mikahawa ya vyakula vya Kihindi iliyomo katika miji mikubwa, kama vile Dar es Salaam na Arusha, na kwa majirani zetu Nairobi na Mombasa. Msafiri atokaye Singida akiingia humo saa saba mchana ataona meza ndefu iliyopangwa vyombo vya chuma vyenye vifuniko, na chini yake maji ya moto ili chakula kisipoe. Akifunua hiki, ni biriani. Akifunua kile, ni mchuzi wa dengu. Hapa bilinganya, pale viazi vya binzari, mbele yake kuku aliyeokwa katika tanuri la udongo. Kando ziko chapati na sambusa, bajia na kachori, achari ya embe, kachumbari na mtindi, na mwisho vitu vitamu vya maziwa na sukari. Mgeni hulipa bei moja tu. Kisha huchukua sahani, akajipakulia mwenyewe, akala, akarudi mezani mara mbili, mara tatu, kadiri apendavyo. Hakuna anayehesabu vijiko vyake.

Asidhani mtu kwamba twazungumzia mambo ya wageni. Vyakula hivyo vimekaa kwetu muda mrefu, navyo vimekuja na majina yake. Ni mtoto gani wa Singida asiyejua chapati na sambusa? Hata neno pesa, tunalolitaja kila tunapolipa, asili yake ni paisa ya Kihindi, na laki tunayohesabia fedha nyingi imetoka huko huko. Wala desturi ya bufee haikubaki katika mikahawa mikubwa. Leo katika harusi na semina watu hupanga mstari, sahani mkononi, kuelekea meza ya kujipakulia. Basi tunayoyasema hapa yamhusu kila mmoja wetu.

Wote wameyaona yanayotokea mara nyingi katika meza hizo. Mtu hujaza sahani hata wali ukaanguka pembeni. Juu ya biriani huweka samaki, juu ya samaki kuku, na juu ya kuku sambusa tatu. Hula nusu. Nusu ya pili huisukuma kando, akaenda kuchukua sahani mpya, maana bado hajaonja mchuzi wa mwisho mezani. Akiulizwa hujibu neno moja: "Nimelipa." Na mhudumu huondoa sahani ile, akaimwaga yaliyomo katika ndoo ya taka.

Neno hilo "Nimelipa" ndilo tunalotaka kulipima.

VIPIMO VYA ZAMANI

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba watu hawakuzoea kula bila kipimo. Nyumbani, mama ndiye hupakua. Yeye ajua chungu kina kiasi gani, ajua walaji ni wangapi, ajua nani ametoka shambani na nani hajarudi kutoka machungani. Mkono wa mama ndio kipimo, na mtoto atakaye zaidi hana budi kuomba.

Katika pwani yetu watu hula pamoja katika sinia moja. Desturi ya huko ni kwamba kila mtu hula upande ulio mbele yake, wala hanyoshi mkono kuvuka kwa mwenziwe ili achague nyama. Hapo kipimo ni jirani. Macho ya watu wanne au watano waliokaa pamoja yatosha kumfundisha adabu hata mwenye njaa nyingi.

Wahadzabe, ambao baadhi yao waishi katika wilaya ya Mkalama humu mkoani, wana desturi yao katika mambo ya nyama. Mnyama mkubwa aliyepigwa mshale na mwindaji mmoja huliwa na kambi nzima. Mwenye mshale hasemi kwamba nyama yote ni yake kwa kuwa jasho lilikuwa lake.

Na Wahindi wenyewe, ambao vyakula vyao ndivyo tunavyovisifu, wana desturi ya sahani pana ya duara yenye bakuli ndogo ndogo kuizunguka. Katika kila bakuli hutiwa kidogo: dengu kidogo, mboga kidogo, mtindi kidogo. Mlaji akimaliza, mpakuaji hupita tena na kumwongeza, naye huweka kiganja juu ya sahani kuonyesha kwamba imetosha. Hapo kipimo hushikwa na wawili, mpakuaji na mlaji.

Sasa tutazame bufee. Mama hayupo. Jirani wa sinia hayupo, maana kila mtu ana sahani yake. Mpakuaji hayupo. Kipimo pekee kilichowekwa na mwenye mkahawa ni bei, nayo imelipwa mlangoni kabla mtu hajafunua chombo hata kimoja. Tangu hapo haizuii chochote. Basi mlaji ameachwa peke yake pamoja na nafsi yake. Wako wanaodhani kwamba huo ndio uhuru mtamu kuliko wote. Ni uhuru, kweli. Lakini kila uhuru humdai mtu ajipimie mwenyewe kile alichokuwa akipimiwa na wengine. Asiyeweza kujipimia atatawaliwa na macho yake, ingawa yeye adhani ametawala meza.

PESA HAZIOZI, CHAKULA HUOZA

Turudi katika neno "Nimelipa". Tusimdharau anenaye hivyo, maana analo jambo la haki. Alikubaliana na mwenye mkahawa, akatoa fedha yake halali, naye mwenye mkahawa akamwambia ale apendavyo. Hapana wizi hapo. Mwingine aliyekula kidogo amelipa sawasawa na yeye aliyekula sana. Lakini wote wawili waliijua bei, wakaikubali, kwa hiyo hakuna aliyepunjwa. Katika mapatano ya namna hiyo mwenye njaa ndogo humbeba kidogo mwenye njaa kubwa, na kesho huenda wakabadilishana.

Lakini walipatana nini? Mwenye mkahawa hakusema, "Chukua upendavyo." Alisema, "Kula upendavyo." Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo kiini cha shauri letu. Haki aliyoinunua mgeni ni haki ya kula. Kile asichokila hakukinunua ili akitupe.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu chake juu ya serikali kilichotolewa mwaka 1689, alijiuliza jinsi kitu kilicho cha wote kiwezavyo kuwa cha mtu mmoja. Alijibu kwamba mtu aokotaye matunda ya mwitu huyafanya kuwa yake kwa kazi ya mikono yake. Lakini aliweka mipaka. Mtu na achukue kadiri awezavyo kutumia kabla hakijaharibika, na awaachie wengine ya kutosha, yaliyo mazuri vile vile. Akichukua zaidi, matunda yakamwozea, amechukua fungu lisilokuwa lake. Kisha Locke akaongeza jambo la kutufikirisha: kwamba fedha ilikuja kuuvuka mpaka ule, kwa sababu dhahabu na fedha haziozi. Mtu aweza kulimbika fedha nyingi kupita haja yake, na hakuna kitakachooza ghalani mwake.

Twafikiri hapo ndipo kosa la mlaji wetu lilipo. Mfukoni alikuwa na kitu kisichooza, akakibadili kwa kitu kinachooza, lakini bado akifikiri kwa hesabu ile ile ya fedha. Noti ya shilingi elfu kumi isipotumika leo itatumika kesho. Wali wa biriani ulio sahanini hauna kesho. Wazee wetu husema akiba haiozi. Lakini sahani iliyojazwa kupita kiasi si akiba.

Wahindu wana neno lisaidialo kulieleza jambo hili vizuri. Chakula kilichoguswa na kinywa cha mlaji, au kilichobaki katika sahani yake, hukiita jutha. Kwa desturi yao chakula hicho hakipewi mgeni tena, wala hakitolewi madhabahuni. Kabla hakijapakuliwa kilikuwa safi, chamfaa mtu yeyote. Kikisha kuingia sahanini mwa mtu, kimefungwa kwake. Hata sisi tusio na neno hilo twaishika desturi yenyewe. Chakula kilichobaki chunguni huwekewa mtoto aliyechelewa, au hupelekwa kwa jirani. Kilichobaki sahanini mwa mtu mzima, baada ya kuchanganywa na mchuzi na mifupa, hakuna aliye tayari kumpelekea jirani.

Basi kumbe tendo zito katika bufee si lile la kuacha chakula mwishoni. Ni lile la kupakua mwanzoni. Kijiko kinapotoka katika chombo cha wote na kuingia katika sahani ya mmoja, chakula hubadilika hali. Dakika moja iliyopita kingeweza kuliwa na mgeni mwingine, au na mfanyakazi wa jikoni jioni. Sasa hakiwezi. Mtu yule amekiondoa katika mikono ya watu wengine wote duniani, na asipokila yeye, hapana atakayekila. Haki ya kusema "Hiki ni changu" ilimjia pamoja na wajibu wa kukitumia.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu aweza kuwa na mali iliyo yake, kuitafuta na kuitunza. Lakini katika kuitumia imempasa aihesabu kama ya wote, awe tayari kumgawia mwenye haja. Na wasomaji wetu hawakusahau kwamba katika habari ya watu elfu tano walioshibishwa, mabaki yaliokotwa yakajaza vikapu kumi na viwili. Chakula kile hakikulipiwa hata senti moja, tena kilipatikana kwa wingi usio na hesabu. Hata hivyo vipande vilikusanywa.

KINYANG'ANYIRO

Hapa yatupasa tuwe waangalifu tusije tukawahukumu watu kwa ukali usio wa haki. Si kila anayejaza sahani ni mlafi.

Nchi yetu ya Singida yajua njaa. Mvua zetu huja msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili. Zikikatika katikati, hakuna mvua nyingine ya kurekebisha. Ndiyo maana wazee walishika mtama na uwele, mimea istahimiliyo jua. Ndugu zetu Wagogo, walio katika Manyoni na Dodoma, bado wanalo jina la njaa kubwa iliyowapata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, kati ya mwaka 1917 na 1920. Majeshi ya Wadachi, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka na ng'ombe, yakachukua na wanaume kuwa wapagazi. Kisha mvua zikakosekana. Watu walikufa maelfu kwa maelfu. Njaa hiyo waliiita Mtunya, na wanahistoria hulifasiri jina hilo kuwa ni kinyang'anyiro.

Mtu aliyelelewa na wazee wenye kumbukumbu kama hiyo, au aliyeonja yeye mwenyewe mwezi wa Januari ghala likiwa tupu, akikutana na meza yenye vyakula ishirini, mkono wake hukimbia kuliko akili yake. Hajawahi kuona meza ambayo itakuwapo tena baada ya nusu saa. Njaa imemfundisha kwamba kisichochukuliwa sasa hakipo tena. Mtu huyo hatustahili kumcheka. Wala asitucheke sisi yule aliyezaliwa katika shibe, maana yeye ndiye mara nyingi huacha sahani nusu bila hata kutazama nyuma. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Lakini kumwelewa mtu si kusema kwamba atendalo ni jema. Kinyang'anyiro cha wakati wa njaa chaeleweka, maana kilichopo hakitoshi, na kila mtu ahofia uhai wa watoto wake. Kinyang'anyiro cha mbele ya meza iliyojaa hakina sababu hiyo. Chakula kipo, na kikipungua huletwa kingine. Adui tuliyemkimbia hayupo, nasi bado twakimbia. Shibe pia yahitaji kujifunzwa, kama vile babu zetu walivyojifunza kuishi na njaa, na elimu hiyo huanza mtu anapoweza kusimama mbele ya wingi akasema moyoni, "Hakitakimbia."

NINI KILICHOLIPWA?

Tena, yule asemaye amelipa yafaa ajiulize amemlipa nani. Fedha yake ilimfikia mwenye mkahawa. Lakini ndani ya kachumbari ile huenda vimo vitunguu vya Singida vilivyosafirishwa usiku kwa lori. Mafuta yaliyokaanga sambusa huenda ni ya alizeti iliyopandwa Iramba au Ikungi. Dengu na mbaazi ni mazao ya wakulima wetu, na nyingi huvuka bahari kwenda India.

Mbaazi zimetupa somo ambalo mkulima hawezi kulisahau. Mwaka 2017 Serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi ziwezazo kuingizwa nchini mwake kutoka nje, tani 200,000 kwa mwaka. Bei ya mbaazi katika Tanzania ikaanguka vibaya, na wakulima waliokwisha kulima, kupalilia na kuvuna wakabaki na magunia nyumbani. Jembe lilikuwa lile lile, jua lile lile, jasho lile lile. Bei ndiyo iliyobadilika. Hivyo twaona kwamba bei ya chakula si kipimo cha thamani yake. Bei yaweza kushuka hata chini kabisa, lakini kazi iliyozaa punje ile haikupungua hata kidogo. Mtu akilipa bei, amemalizana na muuzaji. Deni lake kwa miezi mitano ya mkulima, na kwa mvua ambayo hakuna aliyeilipia, halikumalizika hapo. Nalo hulipwa kwa njia moja tu, ya kukitumia chakula kwa kazi iliyokusudiwa.

Na hasara yenyewe si ya kufikiriwa tu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilisema kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, ndiyo karibu moja ya tano ya chakula chote kilichowafikia walaji. Katika hizo, tani milioni 290 zilitupwa na mikahawa, hoteli na jikoni nyingine za kuwalisha watu. Wakati huo huo watu wapatao milioni 783 walikuwa na njaa. Tusidhani kwamba hesabu hiyo kubwa ilifanywa na watu wakubwa wa mbali. Tuseme katika harusi moja wageni mia mbili wameacha kila mmoja robo kilo ya chakula. Hizo ni kilo hamsini, nazo zimemwagwa katika usiku mmoja.

MAJIBU YA WANAOPINGA

Wako watakaosema: "Hata nisipochukua, chakula hicho hakitamfikia mtoto mwenye njaa wa Manyoni. Kitatupwa na mwenye mkahawa. Basi kuna faida gani?" Twakubali kwamba kijiko kilichoachwa Dar es Salaam hakiruki kwenda Manyoni. Lakini mpishi hupika kesho kwa kutazama kilichoondoka leo. Vyombo vikirudi jikoni na chakula ndani yake, kesho atanunua pungufu. Vikirudi vitupu, atanunua vile vile au zaidi, hata kama nusu ya kilichoondoka kimo katika ndoo ya taka. Sahani ya mlaji humdanganya mpishi. Gharama ya udanganyifu huo hurudi katika bei, na huilipa hata yule mwenzetu aliyekula kwa kiasi.

Wengine watasema: "Basi na tumalize kila tulichopakua, hata kwa nguvu." Hilo nalo si shauri jema. Chakula kilichosukumwa katika tumbo lililoshiba kimepotea kama kilichotupwa, tena kimeongeza madhara. Tumbo si jalala. Waislamu hufundishwa kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Wajaini, ambao baadhi yao wamekaa Afrika ya Mashariki tangu zamani, huhesabu kuacha kula kabla ya kushiba kuwa ni namna ya kufunga. Aliyekwisha kupakua mno amekwisha kukosa. Asilirekebishe kosa moja kwa jingine, bali ajifunze kwa mara ijayo.

Wengine tena husema mwenye mkahawa na atoze faini kwa kila sahani irudiyo na chakula. Iko mikahawa ifanyayo hivyo, nasi hatuikatazi. Lakini faini humrudisha mtu katika hesabu ya fedha ile ile. Tajiri atalipa faini na kutupa, akisema mara ya pili, "Nimelipa."

Njia iliyo bora imeonekana kwa miaka mingi karibu nasi. Kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, mahali paitwapo Makindu, liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Reli ya Uganda, ipitayo hapo, ilijengwa kuanzia mwaka 1896 kwa mikono ya vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Katika hekalu hilo kila msafiri, awe wa kabila lolote au dini yoyote, hupewa chakula bure. Desturi hiyo ya jiko la wote huitwa langar, nayo yatoka kwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyeishi kati ya mwaka 1469 na 1539. Tajiri na maskini hukaa pamoja, hula chakula kimoja. Mtu huongezwa kadiri ahitajivyo, lakini desturi yadai asibakize alichopokea.

Tazama ajabu hii. Mahali mtu asipolipa chochote, chakula huheshimiwa. Mahali alipolipa, hudhani heshima haimpasi tena. Mgeni wa Makindu ajua kwamba amepewa, kwa hiyo hushika sahani yake kama mtu aliyepewa. Mgeni wa bufee amesahau kwamba yeye naye amepewa. Kwamba noti yake ilinunua kazi ya mpishi na nafasi ya kiti, lakini punje yenyewe ilitoka ardhini kwa mvua, kama ile ya Makindu.

LA KUFANYA

Basi jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Aliyelipa ana haki ya kula hata ashibe, na hapana mtu amwonee wivu. Haki ya kutupa hakuiuziwa, wala mwenye mkahawa hakuwa nayo ya kumwuzia.

Wenye mikahawa na wenye harusi wana sehemu yao. Na waweke sahani za kiasi, walete chakula kidogo kidogo kwa vyombo vidogo badala ya kukirundika chote mezani, na kile kilichobaki safi chunguni wawape wafanyakazi waende nacho nyumbani, ambao mara nyingi hunusa biriani kutwa nzima na kurudi kwao kulala na chai. Wazazi nao wasimpakulie mtoto mlima kwa kujionyesha mbele ya watu, kisha wakamgombeza kwa kushindwa kuumaliza.

Na kila mlaji afanye jambo jepesi. Afikapo mezani, kabla hajashika sahani, aizunguke meza nzima mikono mitupu, afunue, atazame, ajue kilichopo. Kisha achukue kidogo cha kile akipendacho kweli, akale. Akitaka tena, arudi. Njia ya kurudi iko wazi, na hapana atakayemfukuza. Akiona chapati ya mwisho imebaki katika chombo, ageuke kwanza amtazame anayemfuata katika mstari.